Kama anwani iko mkiani, seli inaisomaje?

"Kamwene Daktari, na shikamoo. Mimi ni mwalimu wa baiolojia kidato cha tano na sita huku Njombe. Juzi nilikuwa nafundisha utengenezaji wa protini, nikasema kama nilivyofundishwa na mimi, kwamba protini yoyote inayoenda kwenye utando ina kipande cha anwani pale mwanzoni, kikichungulia tu nje ya ribosomu, ile mashine ya kutengeneza protini, kinadakwa na msindikizaji aitwaye SRP na ribosomu nzima inapelekwa kwenye retikulamu, ule mtandao wa tando ndani ya seli. Binti mmoja akanyoosha mkono akauliza, je ikiwa anwani iko mwishoni? Nikamjibu hakuna kitu kama hicho. Jumatatu karudi toka kwao kaniambia kasoma kwenye simu ya kaka yake kwamba zipo, zinaitwa protini zenye nanga mkiani, tena ziko nyingi. Niliona aibu sana. Naomba unieleze zinaingiaje, ni kwamba zinajichomeka zenyewe kwa vile mafuta hupenda mafuta? Na je, miaka yote 9 nimewafundisha watoto uongo? Kingine kinaniumiza zaidi, huyo binti ana mdogo wake wa kiume wa miaka 12, viwiko havinyooki vizuri na anatembelea ncha za vidole, mikono imeanza kukosa nguvu. Katika kusoma kwake kakutana na emerini, protini moja ya namna hiyo, na sasa anaamini kuharibika kwake ndo ugonjwa wa mdogo wake. Nyumbani wanamchua kwa mafuta na kumvuta mikono inyooke. Nimwambie nini?"

Kamwene mwalimu wangu, marahaba. Ntaanza na hilo la aibu manake naona ndo limekukaa moyoni kuliko protini zenyewe. Hujawafundisha watoto uongo. Ulichofundisha ni kazi kubwa ya Günter Blobel na wenzake, kwamba protini inabeba anwani yake mwilini mwake, na mwaka 1999 alipewa Nobeli ya tiba kwa ajili hiyo. SRP ipo, na protini nyingi sana za utando zinapita njia hiyo hiyo uliyowachorea ubaoni. Kilichokosewa ni neno moja tu, "yoyote". Na huyo binti, mwalimu, hajakuuliza swali la kukutega, kauliza swali ambalo wanasayansi wenyewe walikaa nalo miaka mingi bila jibu, mimi nikisikia mtoto wa kidato cha tano kalifikia peke yake nafurahi mpaka nakosa usingizi.

Sasa njoo tuelewane kwa mfano wa kwetu. Mi nimekulia Mafinga, marehemu baba alikuwa anafanya kazi kwenye mashine ya mbao, kwa hiyo nikifikiria ribosomu naona gogo linaingia upande huu na ubao unatoka upande ule taratibu. Chukulia kila ubao umeandikwa unapokwenda. Kama maandishi yako kwenye ncha inayotangulia kutoka, mpakiaji aliyesimama pale mbele anasoma mapema, anaita gari lisogee, ubao unaendelea kupasuliwa huku ncha yake iko tayari ndani ya gari. Hiyo ndo njia ya SRP. Ncha ya mwanzo inatoka, SRP inaishika, upasuaji unapunguzwa kasi kidogo, ribosomu inasogezwa mpaka kwenye mlango wa retikulamu unaoitwa Sec61, halafu protini inaingia huku bado inatengenezwa. Sasa chukua ubao ambao maandishi yako kwenye ncha ya nyuma kabisa. Mpakiaji anasubiri, haoni kitu, ubao unatoka, unatoka, na siku maandishi yanaonekana ubao umeshakatika na kudondoka chini, mashine imeshamaliza nao.

Hapo mtu atasema si wasubiri tu sekunde moja zaidi, na hapa ndo pana utamu wenyewe, tukae kidogo. Ribosomu ina handaki ambalo protini changa inapita kabla ya kutoka nje, na handaki hilo linameza kama asidi amino 30 mpaka 40 (zile punje zinazoungana kuwa protini) kwa wakati mmoja. Protini ya nanga mkiani ina kipande kimoja tu cha kukaa ndani ya utando na kipande hicho kiko mwisho mwisho kabisa, baada yake zinabaki asidi amino chache, mara nyingi pungufu ya hizo 30 au 40. Piga hesabu mwenyewe. Ribosomu inapofika kwenye alama ya kusimama, ile nanga bado imejificha ndani ya handaki, haijaonekana na mtu. Inakuja kuonekana pale protini inapoachiliwa. Kwa hiyo SRP kwa kawaida haina nafasi ya kufanya kazi yake ya kusogeza ribosomu mlangoni, sio kwamba imezembea, ni kwamba protini hii imeumbwa kwa namna ambayo lazima iingizwe baada ya kukamilika. Hicho ndo kitu kimoja ambacho ningependa wanafunzi wako wakishike hata wakisahau majina yote, kwamba mahali kipande kilipo kwenye mnyororo ndo panaamua njia ya kusafiri.

Na shida sio kuchelewa tu. Nanga yenyewe ni kipande cha asidi amino kama 20 zinazokwepa maji, zimejisokota kama springi. Kila asidi amino kwenye msokoto huo inasogeza mbele nanomita 0.15, kwa hiyo 20 zinakupa nanomita 3, ambao ndo unene wa ile sehemu ya mafuta katikati ya utando. Inakaa mle kama kigingi kilichopimwa. Lakini kabla haijafika mle iko kwenye saitoplazimu, na saitoplazimu ni maji yaliyosongamana protini nyingine kibao. Rudi kwenye ubao wa paini, fikiria ile ncha ya nyuma imejaa utomvu mbichi, inanata kila inapogusa. Ukiacha mbao za namna hiyo zikidondoka ovyo uwanjani zinagandana zenyewe kwa zenyewe, zinagandana na mbao za watu wengine, mwisho una rundo ambalo halifai kitu. Nanga ikiachwa uchi kwenye maji inafanya hivyo hivyo.

Sasa lile wazo lako la kwamba zinajichomeka zenyewe kwa kuwa mafuta hupenda mafuta. Una nusu ya ukweli na nusu hiyo nisikunyang'anye. Ni kweli nguvu inayoifanya nanga itulie ndani ya utando ni hiyo hiyo ya kukwepa maji. Tena ipo protini moja, saitokromu b5, ambayo nanga yake haikwepi maji kwa ukali sana, hiyo kwenye maabara ukiweka vipovu vya mafuta peke yake bila protini nyingine yoyote inaingia yenyewe. Ila nanga zilizo kali zaidi haziwezi kufika salama, zinagandana njiani. Na hata zingefika, utando gani? Seli ina tando nyingi, ya nje, ya retikulamu, ya mitokondria, ya peroksisomu, na zote ni mafuta. Kupenda mafuta kunakuambia "ingia kwenye utando", hakukuambii "ingia kwenye utando huu hapa uache ule". Kwa hiyo lazima kuwe na wasindikizaji.

Wasindikizaji wanaojulikana vizuri zaidi ni wa njia iitwayo GET, nitakueleza ya hamira manake ndo imechunguzwa mpaka mifupa, na sisi binadamu tuna ya kwetu inayofanana nayo. Protini ikitoka tu kwenye ribosomu, wa kwanza kuipokea ni Sgt2, kwetu sisi inaitwa SGTA, kazi yake ni kuifunika ile nanga isiguse maji. Haikai nayo. Inaipokeza kwa Get3 huku wawili wengine, Get4 na Get5, wakiwa wamesimama katikati kuwashikisha mikono hao wawili, kama mafundi wanavyorushiana matofali kwenda juu ya nyumba, tofali haliguswi na ardhi kuanzia chini mpaka kwa mjengaji. Kwetu binadamu pale katikati yupo na mwingine anaitwa BAG6, ntamrudia.

Get3 ndo mwenye gari. Ni protini mbili zinazofanana zimeshikana kwa chini na chembe ya zinki, ukizitazama zinakaa kama viganja viwili vilivyounganishwa kwenye vifundo. ATP, ile nishati ya seli, ikiingia katikati yake viganja vinajikunja vinakaribiana na juu yake panatokea mfereji uliopakwa mafuta ndani, nanga inalala mle, maji hayaigusi tena. ATP inavunjwa, mzigo unabaki umeshikwa, safari inaelekea retikulamu. Kule kwenye utando kuna wapokezi wawili, Get1 na Get2. Get2 ana mkono mrefu unaoning'inia kwenye saitoplazimu, huo ndo unaodaka gari likiwa bado mbali. Halafu Get1 anaingiza mikono yake katikati ya viganja vya Get3 anavitanua, mfereji unafumuka, nanga haina pa kukaa tena isipokuwa kwenye utando ulio pale pale chini yake, na Get1 na Get2 kwa pamoja wanaitengenezea njia ya kuteleza kuingia. ATP mpya inakuja, Get3 inabanduka kwa Get1, inarudi kubeba mwingine. Mwalimu, nimeisoma hii sijui mara ngapi na bado nikifika pale viganja vinapotanuliwa nasimama kidogo. Angalia pia nguvu inatumika wapi, ATP haitumiki kuisukuma nanga ndani ya mafuta, nanga inataka kuingia yenyewe, inatumika kuhakikisha inafunguliwa mlangoni pa mtu anayetakiwa na sio njiani. Kwa hiyo lile la kwako la mafuta kupenda mafuta linafanya kazi mwisho wa safari, baada ya wengine kuhakikisha pamefikwa panapotakiwa.

Kwetu sisi Get3 inaitwa pia TRC40, wapokezi wanaitwa WRB na CAML. Wanafunzi wako hawahitaji haya majina, we unayahitaji usije ukakutana nayo ukadhani ni njia nyingine.

Historia yake nayo wasimulie maana inafundisha uvumilivu. Mwaka 1993 Ulrike Kutay, Enno Hartmann na Tom Rapoport ndo waliandika kwamba jamani hizi protini ni kundi linalojitegemea, haziwezi kupita njia ya kawaida. Mpaka mwaka 2007 ndo Sandra Stefanovic na Ramanujan Hegde wakaishika TRC40 mkononi ikiwa imebeba mzigo, na mwaka 2008 kundi la Maya Schuldiner na Jonathan Weissman wakaionyesha njia nzima kwenye hamira. Miaka 15 kati ya swali na jibu. Na kitu kingine kinachonigusa, jeni ya TRC40 ilikuwa inajulikana siku nyingi kwa jina la ASNA1, jina la sumu ya aseniki, kwa sababu tu inafanana na protini ya bakteria inayosaidia kutoa aseniki nje. Watu walikuwa nayo kabatini na lebo ya ndugu yake, kazi yake halisi hawaijui.

Sasa usije ukafuta "SRP" ukaandika "GET" ukafanya kosa lile lile mara ya pili. Sio protini zote za nanga mkiani zinapita GET. GET inapenda nanga zinazokwepa maji kwa nguvu. Zile za wastani zinaingia retikulamu kwa mlango mwingine unaoitwa EMC, na hili lilionyeshwa mwaka 2018 na kundi la Hegde wakitumia protini moja inayohusika na utengenezaji wa kolesteroli. Hamira ukiitoa Get3 haifi, inaishi ila inakuwa dhaifu, joto likipanda inashindwa, maana yake kuna njia nyingine zinabeba sehemu ya mzigo. Lakini panya ukimtoa hiyo jeni anafia tumboni mwa mama kabla hajazaliwa. Mi naona tofauti hiyo inatosha kuwaonyesha wanafunzi kwamba njia za pembeni zinasaidia mpaka kiwango fulani tu.

Halafu kuna swali ambalo hujaniuliza ila binti atakuja kukuuliza, ntakupa jibu mapema. Kama nanga zote ni vipande vya mafuta, seli inatofautishaje ya retikulamu na ya mitokondria? Watu wengi wanadhani kuna herufi fulani, kama namba ya posta, ukiisoma unajua. Hakuna. Kinachosomwa ni tabia ya kipande kizima, kinakwepa maji kiasi gani, kirefu kiasi gani, na zile asidi amino chache zilizobaki baada yake zina chaji gani. Nanga inayokwepa maji sana na mkia wenye chaji kidogo inaelekea retikulamu. Nanga ya wastani, fupi kidogo, yenye chaji chanya kwenye mkia inaelekea utando wa nje wa mitokondria, na kule mwaka 2022 iligundulika protini inaitwa MTCH2 ndo mlango wa nyingi katika hizo kwa binadamu. Ukiongeza chaji chanya zaidi unasogea kwenye peroksisomu, kule msindikizaji anaitwa PEX19 na mpokezi PEX3. Tabia hizi zinapishana, mpaka hauna ukuta, kwa hiyo makosa yanatokea. Na seli inajua. Kwenye utando wa mitokondria kuna protini inaitwa Msp1, kwetu ATAD1, mwaka 2014 makundi mawili yalionyesha kwamba inazing'oa protini za nanga mkiani zilizoingia pale kimakosa. Inazivuta mzima mzima kutoka kwenye utando kwa nguvu ya ATP. Kwa hiyo ukisema "seli inapeleka protini mahali sahihi" ongeza na hili, kwamba usahihi huo nusu yake ni kupeleka vizuri na nusu ni kurekebisha kilichokosewa.

Na zile zisizofika kokote? Hapo ndo namrudia BAG6. Protini ikikaa sana kwenye mikono ya wasindikizaji bila kupata gari, BAG6 anaitisha iwekewe alama ya yubikwitini, ile alama ya kifo, inapelekwa proteasomu inasagwa. Watu hao hao wanaosindikiza ndo wanaoamua huyu aendelee huyu basi. Seli haiachi utomvu ukae uwanjani.

Mwalimu, ukitaka darasa likae kimya likusikilize, waambie kuhusu pepopunda. Kila mtu huku anaijua, misuli inakaza, taya linafunga, mtoto mchanga aliyekatwa kitovu kwa kitu kichafu. Kwenye ncha za neva kuna vifuko vyenye kemikali za mawasiliano, na juu ya kila kifuko kuna protini inaitwa sinaptobrevini, ni ya nanga mkiani kabisa, nanga iko ndani ya utando wa kifuko na mwili wote uko nje. Mwili huo ndo unaojisokota na protini za upande wa pili mpaka kifuko kinagandana na utando wa neva na kumwaga kemikali. Mwaka 1992 ilionyeshwa kwamba sumu ya pepopunda ni mkasi unaoikata sinaptobrevini. Mwili unatengana na nanga. Nanga inabaki kwenye kifuko haina kazi, mwili unaelea hauna pa kuvutia, kifuko kinakaa pale pale. Na kwa kuwa sumu inapiga zile neva za uti wa mgongo zinazotuliza misuli, hakuna wa kuiambia misuli ilegee. Mtoto wako wa kidato cha tano akielewa hapo kaelewa nanga ni ya nini, na kaelewa kwanini dada yake mjamzito anachomwa chanjo kliniki. Wakumbushe tu sinaptobrevini haiingizwi kwenye neva kule mwishoni, inaingizwa retikulamu kisha inasafiri kwenye vifuko mpaka huko.

Kuhusu cha kufundisha sasa. Una njia mbili tatu na kila moja ina gharama yake. Unaweza ukaacha kama ilivyo, mtihani hautawadhuru, lakini binti ameshajua na we umeshajua, kwa hiyo mi hiyo siipendi. Unaweza ukafundisha GET yote, viganja na zinki na kila kitu, ila kwa vipindi ulivyo navyo na darasa la watu wengi utawapoteza wale wanaohangaika bado na tafsiri ya kodoni. Ningekuwa mimi ningebadili sentensi moja, badala ya "protini yoyote" niseme "protini nyingi", halafu nichukue dakika kumi na ubao wa mbao, au hata rula, nibandike gundi kwenye ncha moja, niipitishe kwenye bomba la karatasi mara mbili, mara ya kwanza ncha yenye gundi itangulie, mara ya pili iwe nyuma, niwaulize mpakiaji anaiona lini. Na ningesimama mbele ya darasa nimtaje binti kwamba yeye ndo aliyenirekebisha. Mi naona mtoto anajifunza sayansi vizuri akimuona mwalimu akikubali kosa. Kwenye mtihani waandike njia ya SRP kama silabasi inavyotaka, hawatakuwa wamekosea.

Sasa kijana. Hapa naomba usome polepole.

Emerini ni protini ya nanga mkiani, ndiyo. Ina asidi amino 254, nanga iko mwishoni, inaingia retikulamu kisha inateleza mpaka utando wa ndani wa kiini cha seli. Jeni yake ilipatikana mwaka 1994 na ikiharibika inaleta ugonjwa wa misuli uitwao Emery-Dreifuss. Jeni iko kwenye kromosomu X ndo maana wanaoumwa zaidi ni wavulana. Lakini binti asielewe vibaya, kwa wagonjwa wengi wa aina hii tatizo sio kwamba emerini imekosa msindikizaji au imepotea njia, ni kwamba haitengenezwi kabisa. Njia ya GET kwao ni nzima. Kwa hiyo mtu akija kumuuzia mama yake unga au juisi ya "kurekebisha protini za seli" asitoe hata shilingi, hakuna dawa ya kumeza inayofanya hivyo.

Je mdogo wake anayo? Simjui, sijamgusa, na hata ningemuona kwa macho nisingesema. Ulichoeleza, viwiko kujikunja mapema, visigino kukazwa mpaka anatembelea vidole, mikono kuishiwa nguvu, kinafanana na picha yake, sikufichi. Lakini yapo magonjwa mengine ya misuli yanayofanana, kuna jeni nyingine inaleta picha hiyo hiyo, kuna matatizo ya viungo, kuna yaliyotokea ubongoni wakati wa kuzaliwa. Binti kafanya vizuri kusoma, ila simu haiwezi kupima misuli.

Kinachonifanya nisikuambie "subirini tuone" ni moyo. Kwenye ugonjwa huu umeme wa moyo unaweza kuharibika taratibu, mapigo yanapungua au yanavurugika, na mtu anaweza kufa ghafla hata kama misuli yake haiko vibaya hivyo. Mara nyingi hilo linakuja ukubwani kidogo, ila huwezi kulijua kwa kumtazama. Na linatibika kwa maana ya kwamba betri ya moyo, kile kifaa cha kurekebisha mapigo, inaweza kuokoa maisha. Kwa hiyo naomba uongee na wazazi, nenda mwenyewe kwa heshima yako ya ualimu usimtume binti, waambie mambo haya. Waache kumvuta mikono kwa nguvu leo hii, kuchua kwa upole hakuna ubaya ila kulazimisha kiungo kilichokaza kunaweza kuchana misuli, mazoezi ya kunyoosha yaelekezwe na mtu wa fiziotherapia. Wampeleke hospitali ya mkoa hapo Njombe, wamweleze daktari kila kitu tangu kilipoanza, na waseme kama kuna mjomba au kaka wa mama aliyewahi kuwa hivyo au kufa ghafla akiwa kijana. Daktari atamchunguza, atapima damu kuangalia kama misuli inavuja vimeng'enya, na waombe kipimo cha umeme wa moyo. Kama kuna lolote ataandikiwa rufaa kuja Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapa Mbeya, na ikifika kwenye betri ya moyo wanaiweka Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kule Dar es Salaam. Kipimo cha jeni kinaweza kuchukua muda, kisiwe sababu ya kuchelewesha cha moyo. Mama naye apimwe moyo ikithibitika, wanawake wanaobeba jeni hii wengine hupata shida ya mapigo bila misuli kuonyesha chochote.

Akizimia, au akilalamika moyo unaruka, au akihema bila kukimbia, usiku huo huo apelekwe, wasingoje kupambazuke.

Na binti mwambie hivi kutoka kwangu, kwamba swali la anwani ya mkiani lilikuwa zuri na jibu lake lipo, la mdogo wake bado halina jibu, na jibu hilo litaanzia kwenye ile karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo. Ikishapatikana, daktari akikubali na wazazi wakiridhia, njoo nayo Mbeya tuketi na daktari wa moyo tuisome pamoja.